Uzi maalumu: Funga ruta yako mwenyewe nyumbani, Wi-Fi ifike mpaka chumba cha nyuma

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Heshima kwenu wakuu.

Kila baada ya siku chache kuna mwenzetu anauliza ahamie kampuni gani kwa sababu Wi-Fi ya nyumbani inamsumbua. Anatajiwa kampuni, anahama, analipia kufungiwa upya, halafu chumba cha nyuma kinabaki vilevile. Mara nyingi intaneti inayoingia ndani ya nyumba haina tatizo. Tatizo ni namna inavyosambazwa ikishaingia, na sehemu hiyo ni yako wewe, si ya kampuni. Ukiimiliki kwa ruta yako, unaweza kubadili kampuni hata kesho bila kugusa simu, TV, kamera wala printa hata moja ndani ya nyumba.

Kabla ya kutoa hela, pima. Chukua laptopu, ichomeke kwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni, zima Wi-Fi ya laptopu, kisha pima kasi. Halafu nenda chumba kinachosumbua upime kwa Wi-Fi. Ukipata Mbps 20 ulizolipia kwenye kebo na Mbps 3 chumbani, huna ugomvi na kampuni, na uzi huu ni wako. Ukipata 3 hata kwenye kebo, usinunue ruta, wapigie simu. Na tukumbushane: Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 500 litachukua dakika tatu na sekunde ishirini hivi hata mambo yakienda sawa kabisa. Wengi wanadhani wanaibiwa kumbe wanachanganya biti na baiti.

Sasa tukifahamu kile kisanduku. Kwa wenye faiba kinaitwa ONT. Waya mwembamba unaoingia humo unabeba mwanga: data inayokuja kwako inasafiri kwa mwanga wa nanomita 1490, unayotuma inarudi kwa 1310, zote ndani ya waya uleule. Huko mtaani waya mmoja unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. ONT inageuza mwanga huo kuwa mawasiliano ya kawaida ya kebo, na humohumo wamejumlisha ruta ndogo, swichi na Wi-Fi. Kugeuza mwanga inafanya vizuri. Hivyo vingine vitatu vimewekwa kwa bei ya chini kadiri ilivyowezekana, na ndiyo vinavyotutesa.

Huwezi kuitupa ONT ukaweka ruta yako mahali pake, kwa sababu namba yake imesajiliwa kwenye mtambo wa kampuni. Ruta yako inakaa nyuma yake. Kwa wanaotumia kisanduku cha laini ya 4G au 5G ni hivyohivyo: kinaleta intaneti, ruta yako inaisambaza.

Kuna njia mbili za kuviunganisha.

Ya kwanza ni kuomba kampuni waiweke ONT kwenye hali ya daraja, kwenye menyu inaandikwa Bridge. Hapo ONT inabaki kugeuza mwanga tu, kazi nyingine zote zinafanywa na ruta yako. Utahitaji jina na neno la siri la PPPoE (njia ambayo kampuni inamtambua mteja wake), na wakati mwingine namba ya VLAN (namba inayotenganisha mawasiliano ya aina tofauti ndani ya waya mmoja). Waombe vyote kwa maandishi kabla hawajabadili chochote, kwa sababu wakishabadili huna intaneti mpaka uvijaze.

Ya pili ni kuiacha ONT ilivyo, unatoa kebo kwenye tundu lake la LAN (upande wa vifaa vya ndani), unaichomeka kwenye tundu la WAN (upande wa intaneti inakoingilia) la ruta yako, kisha unazima Wi-Fi ya ONT. Imekwisha. Wataalamu wanailalamikia njia hii kwa sababu anwani zinatafsiriwa mara mbili, mara moja kwenye ruta yako na mara ya pili kwenye ONT. Kwa anayeangalia video, anayefanya mikutano, anayesoma na kutuma kazi, hatasikia tofauti yoyote. Itamhusu anayetaka kuifikia kompyuta au kamera ya nyumbani akiwa nje, na baadhi ya wacheza gemu.

Msimamo wangu: anza na ya pili. Ikikushinda unachomoa kebo moja na nyumba inarudi ilivyokuwa. Ukishaizoea, omba daraja.

Sasa mipangilio. Usiiunganishe ruta na ONT kwanza. Iwashe peke yake, iunganishe na laptopu, fungua anwani iliyoandikwa kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kitu cha kwanza kabisa, badili anwani yake ya ndani iwe kama 192.168.50.1. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. ONT nyingi nazo zinatumia 192.168.1.1, na pande mbili za ruta zikiwa na safu moja ya anwani, ruta haijui ipeleke data upande upi. Unaona Wi-Fi imeunganishwa, intaneti hakuna, na fundi anakwambia ruta mbovu.

Anwani hizi za 192.168 ni za ndani tu. Zilitengwa rasmi mwaka 1996 pamoja na zile zinazoanza na 10 na za kuanzia 172.16 hadi 172.31, kila mtu azitumie nyumbani kwake bila kuomba ruhusa. Nje mnaonekana kwa anwani moja, kama shule nzima inavyopokea barua kwa sanduku moja la posta, na ruta ndiyo inayojua barua ipi ni ya nani.

DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ipangie kuanzia .100 hadi .199. Chini ya hapo acha wazi kwa vitu visivyohamahama: printa, kinasa cha kamera, ruta ya pili. Kisha weka nywila mpya ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, tofauti na ya Wi-Fi. Usalama wa Wi-Fi uwe WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Udhaifu wa namba zake za siri uliwekwa hadharani tangu mwisho wa 2011 na bado visanduku vinauzwa vikiwa vimeiwasha. Zima pia usimamizi kutoka nje, na usasishe programu ya ruta kabla hujaanza kuitumia.

Kuna anayeona hayo ni mambo ya mabenki. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikusanya kamera na ruta za majumbani duniani kote kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, zile za admin na admin. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki sehemu nyingi za Marekani. Wenye kamera hizo hawakujua lolote.

Mahali pa kuiweka nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile za kwenye video za YouTube. Wenzetu wengi wana kuta za mbao na jipsamu. Sisi tuna tofali za saruji, nguzo na mkanda wa zege wenye nondo, na madirisha yenye grili. Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz ina kasi sana lakini ukuta mmoja wa tofali unaipunguza kwa kiasi kikubwa, ukuta wa pili unakaribia kuimaliza. Ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi ila ni ya polepole na inagombaniwa na kila kitu, hata oveni ya maikrowevu. Halafu fundi wa kampuni anaifunga ONT pale waya unapoingilia, yaani kona ya sebule, nyuma ya TV. Robo tatu ya mawimbi yanakwenda barazani na kwa jirani.

Acha ONT hapo ilipo. Vuta kebo juu ya dari mpaka korido ya katikati, ruta yako ikae juu, usawa wa kizingiti cha mlango au zaidi. Isiwe nyuma ya friji, isiwe ndani ya kabati, isiwe karibu na kioo kikubwa wala tangi la maji. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida, kuhamisha tu kutoka kona kwenda korido kunafanya kazi kubwa kuliko kununua ruta yenye antena nane.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji, Dodoma

Nimeweka kambi hapa. Endelea kushusha nondo mkuu.

#3 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu ubarikiwe. Mimi nilishanunua ripita, ile ya kuchomeka kwenye soketi ukutani. Chumbani mawimbi yanajaa yote lakini ukurasa haufunguki. Nimeichomeka chumbani kabisa, kando ya kitanda. Shida nini?

#4 Mleta uzi

Simu inakuonyesha nguvu ya mawimbi kati yake na ripita. Haikuonyeshi ripita inaisikiaje ruta. Ikiwa chumbani Wi-Fi ya sebuleni haifiki, basi hata ripita iliyo chumbani haiisikii. Ihamishie nusu ya njia, mahali ambapo simu bado inapata kasi nzuri. Hata hapo tegemea kasi ipungue nusu, kwa sababu ripita nyingi za aina hiyo zina redio moja inayopokea na kutuma kwa zamu.

Dawa ya kudumu ni kebo na AP, yaani kifaa kinachopokea intaneti kwa kebo na kurusha Wi-Fi. Kama una ruta ya zamani kabatini huhitaji kununua kitu. Iunganishe na laptopu peke yake, ipe anwani 192.168.50.2, zima DHCP yake, ipe jina lilelile la Wi-Fi na nywila ileile, chaneli iwe tofauti. Kisha kebo kutoka LAN ya ruta kubwa iingie kwenye LAN ya hii ya zamani. Sisitiza: LAN kwa LAN. Tundu la WAN libaki tupu. Ukichomeka WAN utakuwa umejenga mtandao wa pili ndani ya wa kwanza, na simu iliyo chumbani haitaiona printa iliyo sebuleni.

#5 Mchangiaji, Arusha (fundi wa mitandao)

Naongezea kwenye kebo, maana kazi nyingi ninazoitwa kurekebisha chanzo ni kebo.

Kuna kebo sokoni zimeandikwa Cat6 (daraja la ubora wa kebo) lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwarua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, iache dukani. Inakatika ukiikunja, na umbali ukiwa mrefu mawasiliano yanapotea njiani. Cat5e ya shaba tupu inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na nyumbani kwako huna mita 100.

Ukibana RJ45, kile kichwa cha plastiki cha kebo, fuata mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wapo mafundi wanaobana nyaya nne tu kati ya nane "kwa sababu intaneti inapita". Inapita ndiyo, lakini haitazidi Mbps 100 kamwe, kwa sababu gigabiti inahitaji jozi zote nne. Ukiwa na kifurushi cha Mbps 200 na kila kipimo kinagota kwenye 94 au 95, usiitukane kampuni, angalia kwanza kebo hiyo na matundu ya ruta yako. Ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya Mbps 100 tu hata kama boksi limeandikwa 1200 kwa herufi kubwa.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mleta uzi nakuheshimu lakini sikubaliani nawe moja kwa moja. Mimi naishi vyumba viwili na sebule, ONT niliyopewa ina 2.4 na 5, inafika kila mahali. Kununua ruta nyingine ni kumuongezea mtu gharama na kifaa cha pili cha kuharibika. Isitoshe, huduma kwa wateja wakisikia una ruta yako wanakurushia mpira: "tatizo ni kifaa chako". Yalishanikuta na kampuni moja, wiki nzima nazungushwa.

#7 Mleta uzi

Hoja yako ina uzito, mkuu. Kwa vyumba viwili ukipima na ukaona kila mahali kuko sawa, tumia ONT, badilisha nywila zake na zima WPS, inatosha. Ndiyo maana nimeanza na kupima.

Kuhusu kuzungushwa, kuna utaratibu unaofunga mjadala. Intaneti ikisumbua chomoa ruta yako, chomeka laptopu kwenye ONT, pima, piga picha ya skrini pamoja na taa za ONT, ndipo upige simu. Taa ya PON ikiwa imetulia, ONT inaongea na mtambo. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa mahali, na hapo ruta yako haihusiki kwa namna yoyote. Mwambie mhudumu maneno hayohayo: "LOS ni nyekundu." Hana pa kukurushia mpira.

Kama taa ziko sawa na bado huelewi, fanya ping tatu (amri ya kompyuta inayotuma ujumbe mfupi kuona kama upande wa pili unajibu) kwa mpangilio huu. Ya kwanza 192.168.50.1: isipojibu, tatizo ni kati yako na ruta. Ya pili 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti: isipojibu, tatizo ni kuanzia ruta kwenda nje. Ya tatu jina la tovuti yoyote: kama namba inajibu na jina halijibu, DNS, yaani huduma ya kugeuza jina la tovuti kuwa namba, ndiyo mbovu. Siku nyingine vyote vya kwako ni vizima na shida iko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania, Kenya na majirani kadhaa walihangaika, na watu walikuwa wanarudisha ruta zao kwenye mipangilio ya kiwandani bila sababu.

#8 Mchangiaji, Nairobi

Asanteni ndugu zangu wa Tanzania, uzi umeshiba. Mimi niko kwenye ghorofa la kupanga, nyumba ni ndogo, kwa hiyo umbali si tatizo. Nikifungua orodha ya Wi-Fi, majina ya majirani yanajaa skrini nzima. Usiku kuanzia saa mbili kila kitu kinakwama ilhali mchana ni sawa.

#9 Mleta uzi

Karibu sana jirani. Hapo mnagombania hewa. Masafa ya 2.4 yana chaneli 13, lakini zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo zima linagawana hizo tatu. Weka chaneli moja kati ya hizo kwa mkono, ile yenye majirani wachache au wenye mawimbi hafifu, na upana uwe 20 MHz, usiwe 40. Usikae kwenye 3 au 8 ukidhani umepata upenyo, hapo unavurugwa na pande mbili.

Kwa ghorofa dawa halisi ni 5 GHz. Ule udhaifu wake wa kutopenya kuta unakuwa faida kwako: ya jirani haifiki ndani kwa nguvu. Tumia chaneli za 36 hadi 48. Zile za 52 kwenda juu nyingi zinatumiwa pia na rada, ruta inalazimika kusikiliza kwanza na kuhama ikisikia rada, ndiyo maana mwingine anaona Wi-Fi inapotea dakika nzima bila sababu. TV, laptopu na simu zote ziwe 5. Kwenye 2.4 acha kamera na taa za kuwasha kwa simu, ambazo nyingi hazijui masafa mengine.

Ila kama tatizo la saa mbili usiku lipo hata kwa kebo, basi msongamano uko kwa kampuni, na hapo chaneli hazisaidii.

#10 Mchangiaji, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, si mtaalamu wa mambo haya. Nina maswali mawili. Moja, nikiwa kwenye kikao cha Zoom, mtoto akianza kupakua gemu mimi nakatikakatika sauti, wakati tunalipia Mbps 30. Pili, nataka wasifungue mambo ya ovyo.

#11 Mleta uzi

Marahaba mama, na karibu. Maswali yako yote mawili yanatatuliwa ndani ya ruta.

La Zoom: kikao hakihitaji Mbps nyingi, kinahitaji data ipite upesi. Mtoto anapopakua, ruta na kisanduku cha kampuni vinakusanya data nyingi kwenye foleni ndefu, na sauti yako inasubiri nyuma ya gemu. Pima hivi: fanya ping 1.1.1.1 nyumba ikiwa kimya, kisha mtoto aanze kupakua. Ukiona namba inapanda kutoka milisekunde 20 kwenda 400, ndiyo hilo. Ingia kwenye ruta utafute QoS (mpangilio wa kugawa zamu za data), au SQM kwa zenye OpenWrt, programu ya bure ya ruta. Weka kikomo cha kasi chini kidogo ya unacholipia, kwa Mbps 30 anza na 27, upande wa kutuma vilevile. Kikomo hicho kinaihamisha foleni kutoka kwenye kisanduku cha kampuni hadi kwenye ruta yako, na ruta inagawa zamu kwa haki. Unapoteza asilimia kumi ya kasi na unapata kikao kisichokatika. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kumiliki ruta, na nashangaa haitajwi kwenye matangazo.

La watoto: kwenye mipangilio ya DHCP, sehemu ya DNS, andika 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Hiyo ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa nyumba nzima, bila kuweka chochote kwenye simu. Tengeneza pia Wi-Fi ya wageni, watoto na wageni watumie hiyo, na uipangie saa za kuzima. Mtoto mkubwa anayejua kubadili DNS kwenye simu yake, au kutumia bando, ataikwepa. Kwa huyo ni mazungumzo tu, mama.

#12 Mchangiaji, Tanga

Umeme je? Huku ukikatika dakika mbili, intaneti inarudi baada ya dakika kumi. Na vipi ruta za MikroTik, mafundi wengi wananishauri hiyo.

#13 Mleta uzi

Umeme: nunua UPS ndogo ya DC, ile isiyo na soketi za kawaida, ina waya za volti 12 na 9 tu. Soma adapta ya ONT na ya ruta kwanza. Volti lazima zilingane kabisa, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi kwenye pini ufanane. Volti 12 kwenye ruta ya 9 inaweza kuiunguza.

Usidanganywe na namba kubwa za mAh, zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. UPS ya mAh 8,800 ina kama wati-saa 32. ONT na ruta kwa pamoja zikitumia wati 14, ukitoa kinachopotea njiani utapata saa mbili hivi. Na kwa faiba inafaa sana, kwa sababu vigawanyio vya mtaani havitumii umeme kabisa. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga bado unafika kwako mradi mtambo wa kampuni una umeme wake.

MikroTik ni ya kampuni ya Latvia, ni imara na inaweza karibu kila kitu. Wenye biashara za hotspot wanaitumia sana, na wana haki. Lakini inamtaka mtu anayeelewa ukuta wa ulinzi na atakayesasisha programu yake. Mwaka 2018 udhaifu kwenye Winbox, huduma yake ya kuisimamia ruta, ulitumika kuteka ruta nyingi sana duniani, wakati marekebisho yalikuwa yameshatolewa na wenyewe hawakuyaweka. Kama fundi ndiye atakayeishika na wewe hutaigusa, chukua ruta ya kawaida. Kama unapenda kujifunza, chukua MikroTik, au ruta yoyote iliyo kwenye orodha ya OpenWrt, mradi wa bure ulioanza 2004 kutokana na programu ya Linksys WRT54G. Angalia orodha kabla ya kununua, na hakikisha hata toleo la kifaa linafanana, kwa sababu ruta ya jina moja inaweza kuwa na matoleo yenye vipuri tofauti kabisa.

#14 Mchangiaji, Mwanza

Mrejesho. Nimetoa ripita, nimevuta Cat5e juu ya dari, ruta ya zamani nimeifanya AP kama ulivyosema. Chumbani napata Mbps 18 kati ya 20. Swali la mwisho: nataka kuangalia kamera za nyumbani nikiwa safarini. Nimefungua tundu (port forwarding, mpangilio wa kuruhusu maombi ya nje yaingie) kwenye ruta kama YouTube wanavyoelekeza na haikubali.

#15 Mleta uzi

Safi sana mkuu. Angalia anwani ya WAN kwenye ruta yako. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Anwani za mfumo wa zamani (IPv4) zilishaisha kwenye hazina kuu ya dunia tangu Februari 2011, ndiyo maana wanagawana. Hapo hata ukifungua tundu namna gani, maombi ya kutoka nje hayakufikii. Kama ni 192.168, ni ONT yako ndiyo iko mbele, omba daraja kwanza.

Na hata kama ungeweza, kuiweka kamera wazi kwa dunia nzima sikushauri. Tumia programu ya Tailscale kwenye kompyuta au kifaa kidogo kinachowaka muda wote nyumbani, na kwenye simu yako. Vinatafutana vyenyewe kwa kutokea ndani kwenda nje, hakuna tundu la kufungua, na mawasiliano yanafungwa kwa siri.

#16 Mchangiaji, Bagamoyo

Nyumba yangu ina kibanda cha uani, mita 40 hivi, anakaa kijana wangu. Navuta kebo hewani kutoka paa hadi paa?

#17 Mchangiaji, Arusha (fundi wa mitandao)

Hewani usivute. Jua linakula ganda la kebo ya ndani, na radi ikipiga karibu shaba hiyo inaleta umeme kwenye ruta zote mbili. Chimba mtaro, tumia bomba la plastiki na kebo ya nje yenye ganda jeusi, na isipite bomba moja na nyaya za umeme. Ukiweza, weka faiba badala ya shaba: waya wa faiba uliotengenezwa tayari na vigeuzi viwili, kimoja kila upande. Faiba haipitishi umeme wa radi, mradi uchague ile isiyo na waya wa chuma ndani. Bomba liwe pana kidogo, na uache kamba ndani yake ya kuvutia kebo nyingine siku ukihitaji.